Naomba ushauri: maneno ya Kiingereza ya herufi tano yanayoishia na IGHT

Wandugu, jambo kwenu. Niko hapa Goma, na kikundi chetu cha kujifunza Kiingereza tunashindana kila jioni Wordle, ule mchezo wa kubahatisha neno lililofichwa. Neno ni la herufi tano, nafasi sita tu.

Nikishapata IGHT zote za kijani, yaani ziko mahali pake sahihi, herufi ya kwanza ndiyo inanitesa. Inaweza kuwa fight, light, might, night, right, sight, tight, hata eight. Ukijaribu moja moja, nafasi zinakwisha jibu hujaliona. Na sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunapata shida zaidi, maana hiyo GH yenyewe haisikiki mtu akitamka.

Nimejaribu kuanza na adieu, angalau hilo halihitaji kamusi, lakini mara nyingi linanipa I tu basi. Mwenzangu ananiambia nitoe kafara neno kama films, nipime F, L, M na S kwa mkupuo mmoja. Naona lina akili.

Sasa naomba kujua: kuna neno zuri zaidi ya hilo, linalogusa pia N na R? Na anayecheza ile hali ngumu, ambapo herufi zilizopatikana lazima zirudiwe, anajinasuaje?