Kwa nini Torati ilikataza shamba kuuzwa moja kwa moja?

Mkulima wa Nanyamba
Habari za jioni, ndugu zangu. Katika jumuiya yetu tunasoma Mambo ya Walawi na tumekwama kwenye sura ya 25, pale inaposemwa kwamba katika mwaka wa hamsini shamba lililouzwa lirudi kwa ukoo uliokuwa nalo, na kwamba nchi isiuzwe moja kwa moja, yaani kwa kudumu, kwa kuwa ni mali ya Mungu, nao Waisraeli ni wageni tu kwake. Baadhi ya wenzangu wanasema hii ni amri ya kuwahurumia maskini na haihusiani sana na agano la Sinai, yaani mapatano ya Mungu na Waisraeli katika mlima Sinai. Mimi naiona karibu zaidi na agano lenyewe, ila nashindwa kuonyesha ni kwa vipi. Tena najiuliza: mtu aliyetoa fedha yake halali, kisha shamba likachukuliwa, hakudhulumiwa? Na je, sheria hii ilipata kutekelezwa?

Katekista Mstaafu, Masasi
Nianze na mnunuzi, maana sisi wa kusini tunaijua biashara hii. Mtu akipatwa na shida ya ada au matibabu kabla ya msimu, huweka mikorosho yake rehani. Aliyetoa fedha huvuna korosho kwa misimu waliyopatana, lakini shamba hubaki la mwenyewe. Aya ya 15 na ya 16 zinaeleza jambo la namna hiyo hiyo: bei hukadiriwa kwa miaka ya mavuno iliyobaki hadi yubile, yaani ule mwaka wa hamsini; ikiwa mingi bei hupanda, ikiwa michache hushuka, kwa sababu kinachouzwa ni idadi ya mavuno. Yubile ikifika, mnunuzi amekwisha kula alichonunua. (Tofauti ni kwamba Torati ilikataza muuzaji na mnunuzi wasipunjane, na mtu wa Mtwara hahitaji kuelezwa habari za kangomba, ule ununuzi wa korosho wa kumpunja mkulima nje ya mfumo rasmi.)

Kuhusu agano, soma Kutoka 19 hadi 24 kwa mfululizo. Kabla ya kudai lolote, Mungu anataja kwanza alichowatendea: aliwatoa Misri. Ndipo yanafuata masharti, watu wanakubali, Musa anayaandika na kuwasomea kitabu cha agano, na damu inanyunyizwa, nusu kwenye madhabahu na nusu juu ya watu. Mpangilio huu wa kutaja fadhili, kisha masharti, kisha baraka na laana, wataalamu wengi wameulinganisha na mikataba ya wafalme wa Wahiti, taifa la kale la eneo la Uturuki ya leo, na watawala waliokuwa chini yao katika karne ya 14 na ya 13 K.K.; wengine wanaona Kumbukumbu la Torati liko karibu zaidi na mikataba ya mfalme wa Ashuru, Esarhadoni, ya mwaka 672 K.K. Vyovyote iwavyo, ni lugha ya mkuu na walio chini ya ulinzi wake.

Sasa rudi kwenye Walawi 25. Sura hiyo inataja kutolewa Misri mara tatu, katika aya ya 38, ya 42 na ya 55. Mwisraeli asiuzwe kama mtumwa, kwa sababu aliyemkomboa ndiye bwana wake. Shamba lisiuzwe moja kwa moja, kwa sababu aliyewapa ndiye mwenye nchi. Makatazo ni mawili, msingi ni mmoja. Na sura ya 26 inayofuata ndiyo yenye baraka na laana za agano, pamoja na onyo kwamba nchi itazipata sabato zake, yaani miaka yake ya kupumzika, watu wakiwa uhamishoni, jambo ambalo 2 Mambo ya Nyakati 36:21 inaliunganisha na miaka 70. Kwa hiyo wenzako hawajakosea wakisema ni huruma, lakini huruma hiyo ni sehemu ya masharti.

Msomaji wa Lindi Mjini
Shikamoo Mzee. Mimi ni Mwislamu na nimefuata maelezo yako kwa faida kubwa. Lakini umezipita aya ya 44 hadi ya 46, ambazo zinaruhusu watu wa mataifa mengine wanunuliwe na warithishwe kwa watoto kama mali ya kudumu. Kwa sisi tunaokaa pwani hii ya Kilwa na Mikindani, ambako misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilikuwa ikiishia, aya hizo hazisomeki kwa wepesi. Ikiwa msingi ni ukombozi wa Misri, mbona faida yake inawaishia Waisraeli peke yao?

Katekista Mstaafu, Masasi
Marahaba, mwanangu. Ni kweli, na sitaki kulipunguza makali. Agano linawalinda walioingia ndani yake, na ukomo wake unatokana na jambo hilo hilo. Hata hivyo Torati hiyo hiyo, katika Kutoka 23:9, inakataza kumwonea mgeni kwa sababu Waisraeli waliijua hali ya ugeni, na Kumbukumbu 23:15-16 inakataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyetoroka. Sheria hizi zimewekwa pamoja bila kupatanishwa.

Binti wa Newala
Shikamoo Mwalimu. Niongeze kuhusu utekelezaji, maana swali hilo halijaguswa. Hakuna simulizi yoyote katika maandiko ya Kiebrania inayosema kwamba mwaka fulani yubile iliadhimishwa. Kanuni iliyo nyuma yake, hata hivyo, ilikuwa hai. Katika 1 Wafalme 21, mfalme Ahabu wa Israeli anamtaka Nabothi wa Yezreeli amwachie shamba la mizabibu kwa kubadilishana na lililo bora zaidi au kwa fedha, naye anakataa kwa sababu ni urithi wa baba zake. Mfalme anarudi nyumbani amenuna, anajilaza na kukataa chakula. Hana hoja ya kisheria ya kulichukua, ndiyo maana mkewe Yezebeli analazimika kutafuta mashahidi wa uongo.

Yeremia 34 inauma zaidi. Babeli ikiizingira Yerusalemu, mfalme Sedekia wa Yuda na wakuu wanafanya agano kuwaacha huru watumwa wao Waebrania, wakipita kati ya vipande vya ndama kama ishara ya kiapo, kisha wanawarudisha utumwani. Nabii anawashtaki kwa kuvunja agano, wala hasemi tu kwamba wamekosa huruma. Mwaka wa saba wa kuipumzisha ardhi una ushahidi ulio wazi zaidi: 1 Makabayo sura ya 6 inasema Wayahudi waliozingirwa waliishiwa chakula kwa sababu ulikuwa mwaka wa kupumzisha nchi.

Kwa jumuiya yenu ningeanza na Nehemia 5, ambamo watu wameweka mashamba na nyumba rehani ili wapate nafaka, na Nehemia anawalazimisha wakopeshaji warudishe. Wakulima wenu wataielewa bila maelezo mengi, kisha mrudi kwenye Walawi 25. Mkifika kwenye aya ya 48 na ya 49 kuhusu ndugu wa kumkomboa aliyejiuza kwa umaskini, waandaeni wasomaji wa Kimakonde, waliozoea ukoo kuhesabiwa upande wa mama: hapo kinachohesabiwa ni upande wa baba, wala mjomba hatajwi.