Siku nne Mombasa na mama mzazi: tulale Mji wa Kale, Nyali au Diani?

baba_wawili (Nakuru)
Salamu zenu. Desemba nakuja Mombasa na mama yangu, miaka 68, goti lake moja si zima, na watoto wangu wawili, wa miaka 9 na 13. Siku nne, tutalala mara tatu. Watoto wanalilia bahari. Mama anasema anataka kuuona mji wenyewe, maana safari yake ya mwisho huko ilikuwa ya msiba, akaona makaburi na stendi ya basi tu. Nimepata nyumba ya wageni Mji wa Kale, hoteli Nyali, na chumba cha kupikia wenyewe Diani. Mji wa Kale ndiko nafuu, lakini jirani yangu ananitisha kwamba kule ni joto na vichochoro tu. Mwasemaje?

pwani_kusini
Diani, usijisumbue. Mchanga mweupe, watoto watashinda majini na wewe utalala kitini. Na wasikutishe na foleni ya feri ya Likoni. Ukishuka treni Miritini, shika barabara ya Dongo Kundu, unatokea kusini bila hata kukanyaga kisiwa.

BintiKibokoni
"Bila hata kukanyaga kisiwa"! Mama wa watu yuwataka kuona mji, wewe wamzungusha nyuma ya mji kama mzigo wa bandarini.

Baba wawili, mimi nalizaliwa Kibokoni, humu humu Mji wa Kale, kwa hivyo upendeleo ninao na sifichi. Mji wa Kale si wa kuja kutazama saa sita mchana. Wageni wa hotelini huletwa jua likiwa utosini, wakatukuta tumejifungia ndani, wakapiga picha mlango mmoja wa nakshi na kurudi kuogelea. Ukilala hapa unapata alfajiri na unapata baada ya magharibi, na ndizo saa zenyewe.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi toka na ndala zako. Utamkuta mama mmoja kibarazani na karai, mahamri yafura mafutani, ayageuza kwa kijiti bila kuyatazama kwa sababu yuko katikati ya maneno na jirani wa ghorofani. Mbaazi za nazi ziko sufuriani pembeni. Unarudi na kifurushi cha gazeti kimeshalowa mafuta, mama yako ndiyo kwanza aamka. Usiku muuza kahawa apita na dele lake juu ya makaa, na kabla hujamwona umeshasikia vikombe vyagongana mkononi mwake. Kahawa chungu, kashata ya kutafunia, mkae barazani. Hakuna tikiti ya hilo.

Fort Jesus ingieni mapema, kabla mawe hayajashika moto. Huyo wa miaka 13 mwambie hivi: Wareno walianza kuijenga 1593, na ilipofika 1696 Waomani wakaizingira wasiiache hadi Desemba 1698. Humo makumbushoni mna vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa wenzao ikazama papo hapo chini ya ngome mwaka 1697. Baadaye Waingereza wakaifanya jela, hadi 1958. Mwanangu alisimama mbele ya mizinga akauliza waliozingirwa walikula nini. Nusu saa ya mazungumzo hiyo.

Kisha Ndia Kuu, polepole (ndia kwetu ndiyo njia), mpaka msikiti wa Mandhry. Huo ni wa 1570, umeitangulia ngome yenyewe. Ijumaa adhuhuri msitarajie duka lililo wazi.

tuktuk_bondeni
Dada amesema yote ila goti. Nyumba zile ngazi zake ni za kusimama wima, nyembamba, na wageni hupewa ghorofa ya juu kwa sababu ya upepo. Kabla hujatuma pesa uliza: chumba cha chini kipo? Na tuktuk inafika Ndia Kuu, vichochoroni haifiki. Kubalianeni nauli KABLA ya kupanda, hata kama dereva ni mimi.

mtoto_wa_ngambo (Unguja)
Mie mgeni wenu mara tatu sasa. Mwaka juzi nililala hoteli moja ya ufukweni, jina silitaji. Picha zilionesha bahari, chumba kikaonesha jenereta. Siku mbili nikasikiliza jenereta. Ya tatu nikahamia Mji wa Kale na ndipo likizo ilipoanza.

Kwetu Mji Mkongwe ni mzuri, sisemi, lakini mitaa mingi imegeuka maduka ya vinyago. Mombasa bado unakuta nguo za shule zimeanikwa dirishani juu ya mlango wa karne ya kumi na tisa. Viazi karai vyenu pia navikubali, ile rojo ya njano na ukwaju juu. Urojo mtuachie wenyewe.

pwani_kusini
Sawa, lakini mtoto wa miaka 9 hali historia. Kisiwani ataogelea wapi?

BintiKibokoni
Hapo umenishinda. Kisiwani hakuna ufuo wa maana. Mama Ngina ni pa kukaa chini ya mibuyu jioni, mle muhogo wenye pilipili na ndimu huku meli zinazoingia Kilindini zapita karibu hadi waona nguo za mabaharia kwenye kamba. Kuogelea, hapana.

Basi lala kwetu mara mbili, ya tatu vuka daraja muende Nyali. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta uko mbele kidogo, Bamburi. Uliza kwanza maji yajaa saa ngapi, yakipwa watoto watatembea juu ya mwani tu. Na Haller Park iko hapo hapo: lilikuwa shimo la machimbo ya saruji, jiwe tupu, René Haller akaanza kupanda mivinje 1971 mpaka likawa msitu. Ndiko alikopelekwa Owen, yule kiboko mchanga aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaenda kumganda kobe mzee kama mamake. Huyo wa miaka 9 atakuuliza habari zake mpaka Nakuru.

tuktuk_bondeni
Na mama apelekwe Biashara Street akachague leso, mafundi cherehani wako nje ya maduka wanapinda hapo hapo. Ila asome jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, kabla ya kulipa. Mamangu mkubwa alinunua kwa rangi, akampelekea mkwewe, kumbe jina ni la kumsuta. Hawajaongea vizuri hadi leo.

baba_wawili (Nakuru)
Nimecheka kwa sauti kazini. Nimepiga simu, chumba cha chini kipo, kinatazama uwani. Mbili Mji wa Kale, moja Nyali. Diani tutakuja tukiwa na wiki nzima, pwani_kusini usininunie. Sasa huyo mama wa mahamri anakaa upande gani?

BintiKibokoni
Ukifika fuata harufu. Ila saa mbili huwa yamekwisha, na mbaazi hutangulia.