Hoteli inayopokea mbwa na paka, na mtoto wangu ana pumu: tulale au tutafute kwingine?

MamaHawa (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wenu kabla sijatuma dipoziti.

Desemba tunapanda Lushoto: mimi, baba Hawa, watoto na mama mkwe. Tunakwenda na gari letu, tunapandia Mombo. Nimepata nyumba ya wageni nzuri, vyumba vinatazama bonde, bustani kubwa ya watoto, sebuleni kuna meko kwa ajili ya baridi ya usiku, na bei tunaimudu. Nilipopiga simu, dada wa mapokezi akaniambia kwa furaha kabisa, "Na kama mna mbwa au paka njooni naye, hapa tunawapokea." Sisi hatufugi. Tangu nikate simu sina raha.

Sababu kubwa ni Idrisa, mwanangu wa miaka sita, ana pumu. Jirani yetu anafuga paka, na Idrisa akicheza kule muda mfupi tu anarudi anakohoa, macho yamevimba, usiku kifua kinalia. Pampu yake ninatembea nayo kwenye mkoba kila mahali. Sasa fikiria imshike saa nane za usiku, ugenini, kwenye baridi.

Ya pili ni mama mkwe. Hakosi swala, na hataki mbwa apite karibu na mkeka wake. Ameniuliza: kama mbwa amelala kwenye sakafu ile, mimi nitaswalia wapi? Sikuwa na jibu.

Baba Hawa anasema hoteli ni hoteli, shuka zinafuliwa, nisikuze mambo. Nyie mnaosafiri, na hasa mliofanya kazi hotelini, mnasemaje? Mtu asiyefuga alale kwenye hoteli inayopokea wanyama?

Kijana wa Makorora

Dada, tafuta kwingine. Lushoto nyumba za wageni ni nyingi, mpaka hosteli za misheni zipo. Pumu si ya kujaribia.

Mama Vyumba (Moshi)

Mama Hawa, pole na mtoto. Mimi kazi ya vyumba nimeianza kabla sijaolewa. Nilianzia dobini kufua shuka, nikawa mhudumu wa vyumba, sasa nasimamia wahudumu wenzangu. Nimefanya Arusha, Moshi, na kidogo pwani. Ninalo moja la kukuambia, na najua wengi watakuambia kinyume: usiikimbie hoteli kwa sababu tu imekiri kwamba inapokea wanyama. Ya kuogopa ni ile inayosema haipokei, kumbe inapokea.

Hoteli yenye kibao cha kukataza wanyama bado inampata mgeni anayefika saa nne usiku na kijibwa kwenye kikapu. Katoka mbali, kachoka, analipa taslimu. Mapokezi wanamhurumia, au anawaachia chochote, anapita. Hakuna panapoandikwa. Asubuhi sisi tukiingia tunakuta manyoya kwenye blanketi, wakati huo mgeni mwingine yuko njiani na chumba kinatakiwa. Tunabadilisha shuka na foronya, tunafagia, tunapulizia manukato. Blanketi linakung'utwa dirishani linarudi kitandani. Atakayelala humo usiku ule anaweza kuwa mtoto kama Idrisa, na mama yake aliuliza kwenye simu akajibiwa kwamba hapa mbwa haingii. Na aliyemjibu hakuwa anadanganya, hakujua tu.

Halafu kuna paka wa nyumba. Nyumba nyingi za wageni zina paka wa kuzuia panya jikoni na stoo. Hakuna anayemhesabu kuwa mnyama, kwa sababu hakuja na mgeni. Sisi mchana tunaacha milango wazi vyumba vipigwe hewa, paka anaingia, anajikunja kitandani palipo na jua. Nimewatoa paka kwenye mito ya hoteli zenye kibao cha kukataza wanyama getini.

Sehemu inayopokea kwa utaratibu mambo yake ni mengine. Nilikofanya kazi ya namna hiyo, wageni wenye wanyama walikuwa na vyumba vyao vya chini, upande mmoja, mlango unatokea bustanini. Sakafu ya vigae tupu, bila zulia. Mnyama anaandikwa kitabuni kama anavyoandikwa mtu, na mgeni analipa pesa ya usafi juu ya bei ya chumba. Akiondoka, chumba hakiuzwi siku ile. Kava la godoro linavuliwa, duveti na mapazia yanakwenda dobini, mashine ya kuvuta vumbi inapita chini ya kitanda na kwenye mishono ya godoro, kisha deki, kisha madirisha yanaachwa wazi. Ghorofani mnyama hapandi. Kwa hiyo akija mama mwenye mtoto kama wako, niliweza kumwambia chumba hiki hakijawahi kulaza mbwa wala paka, na kitabu kilikuwepo cha kunishuhudia.

Piga simu tena, ila usiongee na mapokezi. Omba msimamizi wa vyumba. Mapokezi kazi yao ni kuuza chumba, kilichomo chini ya kitanda tunakijua sisi. Muulize kama kuna vyumba ambavyo wanyama hawaingii kamwe, na viko upande gani. Sakafu ni ya nini. Blanketi zinafuliwa kila mgeni anapotoka, au shuka peke yake. Paka wa nyumba yupo? Analala wapi? Anayeifanya kazi hii kwa moyo atakujibu papo hapo, mpaka na jina la paka atakutajia. Akikuambia "usijali dada, sisi ni wasafi sana" basi, hapo tafuta kwingine.

DaktariWaMifugo (Morogoro)

Mama Vyumba amesema kweli tupu. Naongeza yangu.

Kinachomuumiza Idrisa si manyoya yenyewe. Ni protini iliyo kwenye mate ya paka na kwenye mafuta ya ngozi yake. Paka anajilamba kutwa nzima, kwa hiyo anajipaka mwili mzima. Ikikauka inapeperuka kwa chembe ndogo mno, zinaelea hewani na kung'ang'ania nguo, zulia na godoro. Imeshapimwa ikakutwa hata kwenye madarasa ambayo paka hajawahi kukanyaga, wanafunzi wameileta na sare zao. Na paka akihama nyumba, inaweza kubaki miezi kadhaa. Kwa hiyo usitafute chumba kisicho na chembe hata moja, hutakipata Lushoto wala kwingine. Unachotafuta ni chumba chenye chembe chache, na hapo ndipo sakafu tupu na blanketi lililofuliwa vinapomsaidia mtoto kuliko kibao cha getini. Kufagia kwa ufagio mkavu akiwa chumbani kunazirusha hewani. Omba wapige deki.

Umeeleza anavyoumwa kwa paka. Kwa mbwa je, umeshamwona? Protini za mbwa ni nyingine, na wapo watoto wanaosumbuliwa na mmoja tu kati yao. Daktari wake anaweza kumpima, na ndiye wa kukuambia dawa ya kinga itumikeje kabla ya safari.

Ila kuna jambo umelitaja kwa kulisifia, limenishtua kuliko mbwa: meko sebuleni. Moshi wa kuni ni adui mkubwa wa mwenye pumu. Jioni wageni wote watakusanyika pale, na Idrisa atataka kukaa mbele ya moto kama mtoto yeyote. Hata nyumba isingekuwa na mnyama mmoja, hilo ungelipangia.

Kuna viroboto pia. Mayai ya kiroboto hudondoka sakafuni, na baadaye kiroboto hujifungia kwenye kifuko chake akisubiri, wakati mwingine kwa miezi. Akihisi mtikisiko wa hatua, joto na pumzi ya mtu, anatoka. Ndiyo maana chumba kilichofungwa muda mrefu baada ya mbwa mwenye viroboto kinaweza kumuuma mgeni wa kwanza anayekifungua. Chumba chenye wageni kila siku na kinachovutwa vumbi hakina shida hiyo sana.

Mwisho, waulize kama wanadai kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hoteli isiyodai kadi, mimi silali na watoto wangu. Na watoto waambiwe wasimguse mbwa wa mgeni bila mwenyewe kuwepo. Mbwa akimuuma mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Bin Omar (Unguja)

Assalaam alaykum. Mimi namjibu mama mkwe, maana naona mmempita.

Bibi ana haki ya kuuliza. Kwetu sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, mate ya mbwa na unyevu wa mwili wake ni najisi nzito, pahala paliporoweshwa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Lakini kikavu hakikinajisi kikavu. Mbwa mkavu akipita juu ya sakafu kavu, sakafu ile haijanajisika. Na pahala popote asili yake ni twahara mpaka mtu ajue kwa hakika kuwa pamenajisika, shaka haitoshi. Basi abebe mswala wake, atandike, aswali kwa moyo mkunjufu. Akiona alama ya mate au mkojo, hapo aombe pasafishwe au abadilishiwe chumba, na hoteli yenye heshima haitamkatalia.

Paka kwa upande wetu hana neno. Imepokewa kwa swahaba Abu Qatada kwamba paka alitaka kunywa maji yake ya udhu, akamwinamishia chombo anywe, kisha akasema Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, ni katika wale wanaokuzungukeni.

Kwa hiyo dada angalia: bibi shida yake ni mbwa, mtoto shida yake ni paka. Ukiuliza "wanyama" kwa ujumla utapewa jibu lisilomfaa yeyote kati yao.

BabaPopi (Iringa)

Mimi ni upande wa pili, nasafiri na mbwa wangu Popi kati ya Iringa na Dar. Pa kulala naye ni pachache, na njia yenyewe inakatiza hifadhi ya Mikumi, ambako, ukiacha kupita barabarani, kuingia na mbwa hairuhusiwi, kwa hiyo lazima nipange vituo mapema. Nimesoma hapa habari za mtoto na nimeguswa. Nawaomba wenzangu tunaofuga: tusiwafiche mbwa wetu. Ukimwingiza Popi kwa siri, hujui kesho kitanda kile kinalaliwa na nani. Mimi nasema mapema, nalipa pesa ya usafi, nabeba shuka lake la kulalia chini, na kadi ya chanjo iko kwenye gari. Nikikataliwa naendelea na safari, hata iwe usiku.

Swali kwa daktari: kwa nini hifadhini hata ukimfungia garini hawataki?

DaktariWaMifugo (Morogoro)

Kaka, hongera kwa utaratibu huo. Hifadhini sababu kubwa ni magonjwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uitwao distempa uliwaingia simba wa Serengeti, na karibu theluthi moja ya simba wa pale walikufa, kama 1,000 hivi. Virusi vile vilihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Kichaa cha mbwa nacho kinawamaliza mbwa mwitu, ambao ni wachache tayari. Popi amechanjwa, lakini askari wa getini hawezi kumpima kila mbwa, kwa hiyo wanakataza wote.

MamaHawa (Dar es Salaam)

Nimerudi wakuu, na nawashukuru kila mmoja kwa jina lake.

Leo nimepiga simu, nikamwomba msimamizi wa vyumba. Ni mama mtu mzima, sauti ya upole. Kabla sijamaliza kueleza akaniuliza mtoto ana umri gani. Wageni wenye mbwa wanalala vyumba vya chini vinavyotokea bustanini, na kadi ya chanjo wanadai. Juu kuna vyumba vya sakafu ya mbao, mbwa hapandi. Paka wa nyumba yupo, na kweli jina lake amenitajia. Usiku analala stoo, lakini amekiri kwamba jioni anapenda kukaa sebuleni karibu na meko. Sebule ile basi Idrisa hataingia, kwa paka na kwa moshi vyote viwili. Chakula cha usiku watatuletea mezani barazani juu, na tutamvalisha masweta. Blanketi ameahidi kuzifua zote kabla hatujafika, mito tunabeba ya kwetu.

Mama mkwe nimemsomea maneno ya Bin Omar neno kwa neno. Amesema mswala alikuwa anabeba hata hivyo, ila sasa ataswali bila wasiwasi. Chumba chake kitakuwa cha juu pia.

Kliniki ya Idrisa ni Jumatatu, nitamwuliza daktari habari ya kumpima kama mbwa nao wanamdhuru, na dawa ya kinga. Dipoziti natuma baada ya hapo, nikishajua daktari anasemaje. Mwenyeji wa Lushoto aliyemo humu naomba aniambie: duka la dawa pale mjini linafunguliwa Jumapili?