Bwana shamba kaondoka na faili la wakulima wetu wa parachichi, polisi wanasema "nendeni CMA"

Wakuu, nina hasira na sitazunguka.

Tunanunua parachichi kwa wakulima wa Rungwe na Busokelo. Bwana shamba wetu alijitumia faili lote la wakulima kwenye barua pepe yake binafsi, kesho yake hakuonekana kazini. Sasa yuko kwa mshindani wetu. Hata notisi ya siku 28 hakutoa.

Humo ndani kuna jina la mkulima, simu, kitongoji, idadi ya miti ya Hass (aina ya parachichi), ilichanua lini, bei tuliyokubaliana, na nani alikopa miche na bado anadaiwa. Mama mmoja wa Kiwira kanipigia kwa uchungu: "Baba, hao watu wamejuaje deni langu la miche?" Nimjibu nini? Siri yake alitupa sisi, leo inatembezwa na watu asiowajua!

Nikaenda kituoni. Askari ananiuliza, "Kwani kompyuta si mmebaki nayo?" Eti ni mambo ya kazini, nendeni CMA. CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanasuluhisha migogoro ya ajira, hawashtaki mtu kwa jinai. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 7, iko wazi: kumpa data ya kompyuta mtu asiyeruhusiwa ni kosa, na anayeipokea kinyume cha sheria naye ana kosa. Faini haipungui milioni 2 au mara tatu ya faida aliyoipata, kutegemea ipi kubwa, au jela isiyopungua mwaka mmoja, au vyote pamoja. Kwa hiyo huyo tajiri aliyempokea na faili asijione yuko salama. Na hao wakulima wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023.

Msiniambie "kijana anatafuta maisha". Ujuzi wa kupogoa na kukagua matunda ni wake, aende nao popote. Mkulima akiamua kumuuzia mwingine, ni haki yake pia. Faili si lake.

Barua pepe aliyojitumia tunayo, na tarehe na saa vinaonekana. Natafuta wakili hapa Mbeya aliyewahi kusimamia kesi ya namna hii. Nataka zuio la mahakama kabla hawajaanza kuzunguka mashambani na ile orodha. Mwenye uzoefu anifuate PM, leo.