Kitoroli cha msumeno wa meza kinakaza mwanzo, kinacheza katikati: nikaze bolti au nipake grisi?

MbaoNgumu

Wakuu, habari za kazi.

Nina msumeno wa meza wa kukatia plaiwudi na MDF, ule wenye kitoroli cha alumini kinachoteleza pembeni ya bledi. Nimeuchukua ukiwa umeshatumika. Kitoroli kinatembea juu ya reli mbili za chuma za mviringo kwa magurudumu ya beringi: ya juu yanabeba uzito, ya chini yanakizuia kisinyanyuke.

Shida ni kwamba ukikisukuma mwanzoni ni kizito, kikifika katikati kinalegea mpaka ukikibonyeza ubavuni kinagonga, halafu mwishoni kinakaza tena. Reli zina grisi nyeusi iliyoganda, nimeikuta hivyo hivyo. Vipande virefu nikiviunganisha ubavu kwa ubavu havikutani, na ukingo unatoka na alama za kuungua.

Nimeziona bolti za kurekebisha magurudumu ya chini ila sijazigusa. Nianze na zipi, bolti au grisi?

FundiMtulivu

Hakuna hata moja, mkuu. Anza na kitambaa.

Grisi kwenye reli iliyo wazi ni mtego wa unga wa mbao. Unga ukichanganyika nayo na gurudumu likaukandamiza kila siku, unakuwa tabaka gumu kama lami, na gurudumu linapanda juu yake badala ya kutembea kwenye chuma. Huo uzito wa mwanzoni huenda ni uchafu tu. Ukilegeza bolti sasa hivi utakuwa unarekebisha mashine ifuate uchafu, na ukija kusafisha kitoroli chote kitayumba.

Chomoa waya kwenye soketi kabisa, kuzima swichi hakutoshi. Kwaruza tabaka kwa kipande cha mbao ngumu au plastiki, usitumie bisibisi. Kisha futa kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa kidogo, na malizia na kikavu. Angalia mafuta yasichuruzike kwenye beringi, maana yakipenya yanaosha grisi ya ndani. Na upepo wa kompresa usiuelekeze kwenye magurudumu, unasukuma unga humo humo. Tumia brashi.

Pambana_Workshop

Mimi napinga kidogo. Mashine yangu ya randa naipaka grisi miaka yote na haijawahi kukwama. Chuma kwa chuma bila mafuta kinalika.

FundiMtulivu

@Pambana_Workshop randa yako unapaka kwenye parafujo ya kupandishia meza, sehemu inayosogea taratibu na imejificha. Hata zile reli za kisasa zenye chuchu ya grisi kwenye bloku (kile kipande kinachoteleza juu ya reli) zinapigwa grisi, kwa sababu bloku ina mpira wa kufutia uchafu. Hapa tunaongelea gurudumu linaloviringika kwenye reli tupu. Linaviringika, haliburuti, kwa hiyo grisi linayoihitaji ni ile iliyo ndani ya beringi. Reli yenyewe inatosha kufutwa kwa kitambaa chenye oili nyepesi isipate kutu, kisha unaikausha mpaka kidole kisitoke na unyevu.

DadaSeremala

Naongezea: usipulizie silikoni karibu na mashine ya mbao. Ikifika kwenye ubao, vanishi inakataa kushika, inatoboka vijishimo vya mviringo, na msasa hauiondoi kirahisi. Kwa meza ya chuma na sehemu za kuburuta tumia nta ngumu: paka, acha ikauke, futa mpaka ing'ae.

WD-40 ya kawaida nayo ni ya kufukuza unyevu na kulegeza kutu. Safishia ukipenda, ila usiitegemee kama kilainishi cha kudumu.

Kipimo_Sawa

Kabla ya spana, hakikisha kosa ni la reli. Chukua vipande viwili virefu, kata ukingo mmoja wa kila kimoja kikiwa juu ya kitoroli, pindua kimoja juu chini, kisha kutanisha zile kingo mbili zilizokatwa na kitoroli. Ukiona mwanga katikati, au vinagusana katikati na kuachana kwenye ncha, basi kitoroli hakitembei mstari mnyoofu. Mwanya unaouona ni mara mbili ya kosa lenyewe. Kingo zikikutana vizuri lakini kona si nyuzi 90, achana na magurudumu na reli, rekebisha kizuizi (kile unachoegemezea ubao kwenye kitoroli).

Alama za kuungua nazo zina habari yake. Weka alama kwenye jino moja la bledi, lipime mbele kwa geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachosoma sehemu ndogo za milimita) iliyofungwa kwenye kitoroli, zungusha bledi mpaka jino lile lile liwe nyuma, sukuma kitoroli upime tena. Nyuma inatakiwa iwe mbali na ubao kuliko mbele kwa kidogo sana, milimita 0.05 hadi 0.1. Ikiwa nyuma ndiyo iko karibu, meno yanayopanda yanasugua mbao iliyokwisha kukatwa.

MbaoNgumu

Asanteni sana. Nimesafisha, uzito wa mwanzoni umeisha wote. Katikati bado kinacheza, na kipimo cha kupindua kimeonyesha mwanga. Sasa nazikazaje hizo bolti?

FundiMtulivu

Safi. Katikati ndiko kunakotembelewa zaidi, ndiko kunakolika. Kwa hiyo usikazie hapo, ukifanya hivyo kitakwama kwenye ncha. Peleka kitoroli mwisho wa reli, sehemu ambayo haijalika, urekebishie huko.

Shingo ya bolti haiko katikati, ndiyo maana ukiizungusha gurudumu linapanda au kushuka. Legeza nati, zungusha kidogo mpaka gurudumu liguse reli, kaza nati huku spana ya pili imeshika bolti, la sivyo itazunguka nayo. Sasa sukuma kitoroli huku umeshika gurudumu kwa vidole viwili. Usiposhika lizunguke lenyewe, ukishika lisimame. Likikataa kusimama umekaza mno, lisipozunguka limelegea. Gurudumu moja moja, na kila mara sukuma mwanzo hadi mwisho.

MbaoNgumu

Kimetulia, kugonga kumeisha. Ila gurudumu moja linakwaruza ndani hata likiwa halijagusa reli. Limeandikwa 6201ZZ. Naweza kuweka beringi ya kawaida?

Kipimo_Sawa

Kama uso wake wa nje ni bapa, ndiyo. 6201 ni tundu milimita 12, kipenyo cha nje 32, unene 10. Chukua yenye 2RS badala ya ZZ (ya vifuniko vya bati), ina mpira pande zote mbili na unga hauingii kirahisi. Ibadilishe pamoja na jirani yake iliyo kwenye reli hiyo hiyo. Kama uso una mfereji au umebinuka kufuata reli, hiyo ni ya mtengenezaji, ya kawaida itagusa nukta moja tu na kuichimba reli.

MbaoNgumu

Ni bapa. Naagiza mbili za 2RS.