Mjadala: Je, roki nzito inaweza kudumu katika masafa ya AM?

Mtoa mada:

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo ambalo wapenzi wengi wa redio huliona limekwisha kuamuliwa, nami naona bado. Husemwa kwamba AM, au masafa ya kati kama tulivyozoea kuyaita, yamebaki kuwa ya habari, mahubiri na mpira, na kwamba anayerusha humo roki nzito, yenye magitaa ya umeme yanayonguruma mwanzo hadi mwisho, anachoma umeme bure. Mimi napinga, na ushahidi wangu wa kwanza ni wa Marekani.

Mwaka 1966 kituo cha KAAY cha Little Rock, Arkansas, kilichorusha kwa wati 50,000 katika kilohezi 1090, kilianza kipindi cha usiku kilichoitwa Beaker Street, kilichopiga roki ndefu ambazo vipindi vya mchana havikuthubutu kuzigusa. Mtangazaji wake, aliyejiita Clyde Clifford, hakukaa studio bali katika jengo la mtambo wa kurushia matangazo, kwa sababu fundi mwenye leseni alipaswa kuwapo huko usiku, na mtu mmoja akifanya kazi zote mbili kituo kinaokoa mshahara. Mtambo ule ulivuma, na mvumo ukaingia katika kipaza sauti kila alipofungua mdomo. Akaamua kuweka chini ya maneno yake sauti za ajabu za kielektroniki ili kuufunika, na sauti hizo zikageuka kuwa utambulisho wa kipindi. Kwa kuwa usiku mawimbi ya AM hudundishwa na tabaka za juu za angahewa na kuangukia mbali sana, vijana wa majimbo mengi ya katikati ya nchi waliisikia roki hiyo kutoka mji ambao hawajawahi kufika.

Kuhusu ubora wa sauti, nadhani watu huhukumu bila kusikiliza. FM hubeba sauti hadi hezi 15,000, ilhali AM ya Marekani huishia kwenye 10,000 hivi, na redio nyingi za nyumbani hukata mapema zaidi ya hapo. Hata hivyo gitaa la roki likishapita katika amplifaya na spika yake halibaki na mengi juu ya hezi 5,000. Kinachopotea ni matoazi na ule ukali wa juu wa ngoma. Lakini ngurumo yenyewe, ambayo ndiyo roho ya muziki huu, inapita. Isitoshe, roki nzito haishuki ikanong'ona, kwa hiyo mikwaruzo haipati upenyo wa kujitokeza kama inavyojitokeza katika muziki wa fidla.

Mchangiaji wa pili:

Ndugu mtoa mada, umeeleza vizuri, lakini umetuletea mfano wa wakati ambao msikilizaji hakuwa na pa kwenda. Mwaka uliofuata tu, 1967, Tom Donahue, mtu aliyepata jina katika AM, alihamia KMPX ya San Francisco, kituo cha FM, akaanza kupiga albamu za roki kwa kirefu. Wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa imeviwekea mipaka vituo vya FM vya miji mikubwa visirudie tu matangazo ya vituo vya AM vya mmiliki yule yule, hivyo FM ilihitaji kitu cha kupiga, na roki ilikuwa inatafuta nyumba. WABC ya New York, iliyokuwa jabali la muziki wa vijana katika AM, iliacha muziki Mei 1982 ikawa kituo cha mazungumzo.

Mimi naishi Uingereza, na hapa tulipata jaribio ambalo sidhani kama kuna nchi nyingine iliyolifanya kwa ukubwa ule. Sheria ya utangazaji ya 1990 ilitaka leseni ya kwanza ya FM ya kibiashara ya nchi nzima isiwe ya muziki wa pop, na ndiyo maana Classic FM, kituo cha muziki wa okestra, ikaipata. Roki na pop zikaachiwa AM: Virgin Radio ilianza tarehe 30 Aprili 1993 katika kilohezi 1215. Yaani fidla zilizoumizwa na AM zikapewa FM, na magitaa yakapelekwa kwenye mikwaruzo! Kituo hicho hakikufa, nakiri. Lakini mwaka 1995 kilipopata FM ya London hakikusita kuichukua, na mwaka 2023, kikiwa kimekwisha kuitwa Absolute Radio, kiliizima AM yake yote na kuendelea kwa njia nyingine. Kama AM ingekuwa nyumba, wasingeihama.

Fundi mitambo mstaafu:

Wakuu, nimekaa na mitambo ya AM miaka mingi, na naona mnabishana juu ya muziki wakati adui yuko ukutani. Zamani kelele za AM zilikuwa radi na nyaya mbovu za umeme. Leo kila chaja ya simu, kila taa ya LED ya bei rahisi na kila king'amuzi hutoa kelele katika masafa yale yale. Ongeza wati, jirani naye ataongeza taa. Magari ya umeme nayo yana tatizo hilo, na baadhi ya watengenezaji walianza kuondoa AM katika magari hayo, hadi mwaka 2023 ukapelekwa mswada katika Bunge la Marekani wa kuwalazimisha kuibakiza.

Mtoa mada, hukutaja Z-Rock, na ndiyo inayolihusu swali lako moja kwa moja. Mtandao huo ulianza 1986, ukirusha roki nzito saa 24 kwa setilaiti kutoka Dallas, na New York ulisikika katika AM, kilohezi 1480. Ulifungwa mwishoni mwa 1996. Mfano wa kinyume ni WWFD ya Frederick, Maryland, kilohezi 820, ambayo tangu 2018 inarusha AM ya kidijitali tupu, na muziki unasikika safi; ila mwenye redio ya kawaida haambulii chochote isipokuwa mvumo.

Mtoa mada:

Ndugu wa Uingereza, hoja ya kuhama naipokea kwa upande mmoja tu. Waliohama walikuwa wanatafuta watoa matangazo ya biashara, na watoa matangazo huenda walipo wasikilizaji wengi. Huko AM imeshindwa, siwezi kukaidi. Lakini katika nchi hiyo hiyo unayoishi, Radio Caroline, iliyoanza melini mwaka 1964 kama redio ya maharamia, yaani isiyo na leseni, ilikuja kupewa leseni na mwishoni mwa 2017 ikaanza kurusha katika kilohezi 648, masafa yaliyowahi kutumiwa na Idhaa ya Dunia ya BBC. Inaendeshwa zaidi na watu wanaojitolea na kwa michango ya wasikilizaji, na inapiga roki ya albamu. Kipimo cha kituo cha namna hiyo si idadi ya wanaokisikiliza magarini mjini. Ni kama wachangiaji wake wanatosha kulipa umeme wa mtambo. Kwa kipimo hicho nasema roki inaweza kudumu AM, na kwa kipimo cha Virgin nasema haiwezi.

Kuhusu chaja, Fundi, sina jibu, maana umenigusa nyumbani. Mimi niko pwani ya Uholanzi, bahari tu kati yangu na mnara ule, na jana usiku nilipofungua 648 nilisikia mlio kama wa nyuki ndani ya chupa. Nikachomoa chaja ya simu, nikachomoa ya kompyuta, nikazima taa ya jikoni, na ndipo gitaa likatoka. Mke wangu akauliza kama umeme umekatika.