Naomba ushauri: niichukue amplifaya ya valvu ya kodiani ya umeme?

Kidole_Sita
Wakuu, heshima kwenu. Nimepata amplifaya ya zamani ya valvu (zile chupa za kioo zinazowaka na kukuza sauti), kabati la mbao, iliyotengenezwa kwa ajili ya kodiani ya umeme. Imewashwa mbele yangu ikapiga dakika kumi. Sauti nene, tamu, ila ina mvumo chinichini. Nataka kuipigia gitaa. Niichukue au niiache? Usiku sipati usingizi kwa kuiwaza.

Mtunza_Vinanda
Ujue kwanza kwamba hicho ni kipande cha seti. Kodiani za umeme za chapa ya Cordovox za mwanzo, kwa mfano, zilikuwa na sehemu tatu: kodiani, ambayo chini ya vibonye ina swichi, sanduku la kuzalisha sauti, lililojaa valvu, na amplifaya. Ukivitawanya, seti haitaimba tena. Mwulize muuzaji vingine viko wapi, vichukuliwe pamoja. Ni dhambi kuvitenganisha.

Fundi_Waya
Mtunza ana hoja, lakini swali halijajibiwa. Mvumo kwenye mashine ya umri huo mara nyingi ni kapasita kubwa za kuchuja umeme, zimekauka ndani. Zibadilishwe kwa zenye mikrofaradi zilezile na volti zilezile au zaidi. Usiweke mikrofaradi 100 palipokuwa na 20, valvu ya rektifaya (inayogeuza AC kuwa DC) itapiga cheche.
Sasa wewe jibu: kibao cha nyuma kimeandikwa volti ngapi? Kebo ya kodiani ina pini ngapi?

Kidole_Sita
Pini sita. Kibao… kimeandikwa volti 117, hezi 60. Tuliichomeka ukutani moja kwa moja, 230. Lakini si ilipiga vizuri? Halafu nimeshatoa nusu ya pesa, siwezi kurudi nyuma. Nimepanga kuikata plagi ya pini sita nichomelee jeki ya gitaa. Na wakati wa kujaribu nitaichomoa spika, isije ikaungua.

Fundi_Waya
Acha yote mawili, tafadhali. Amplifaya ya valvu haipigwi bila spika. Mzigo ukikosekana, volti kwenye transfoma ya spika zinaruka juu na kutoboa vikinga vya waya zake, na hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kuipata tena.
Plagi nayo usiikate. Kati ya pini sita, moja inaweza kuwa imebeba volti mia kadhaa za DC (umeme wa mkondo mmoja) za kulisha sanduku jingine. Pima kila pini dhidi ya chesisi (fremu ya chuma), mkono mmoja ukiwa nyuma ya mgongo. Ukishaijua ya sauti na ya ethi, tengeneza kebo ya kuunganishia kwa soketi inayoingiliana nayo.

Jicho_Kali
Mimi naona hadithi hii imetungwa. Transfoma ya 117 ukiipa 230, chuma chake kinashiba, mkondo unapaa, fyuzi sahihi inakatika hapohapo. Nyuzi za joto za valvu, zinazotaka volti 6.3, zinapata karibu 12. Dakika kumi za sauti tamu zimetoka wapi? Hapo kuna moshi tu. Ama haikuchomekwa, ama haipo.

Mama_Oktavu
Ndugu yangu, usimwite mtu mwongo kabla chuma hakijatazamwa. Kidole, mwanangu, itazame transfoma ya umeme. Boliti zake zinafanana na nyingine?

Kidole_Sita
Sijatunga. Nimerudi kuitazama, plagi ikiwa nje. Boliti zake nne zinang'aa, na chesisi yote ina kutu ya kahawia. Waya zake zina ganda la plastiki, nyingine zote ganda la nguo. Ubavuni pameandikwa kwa kalamu: 0–230.

Jicho_Kali
Niwie radhi, ndugu. Basi transfoma ilibadilishwa na kibao kikabaki kilekile. Sasa kuna swali jipya: aliyeibadilisha alichagua volti sahihi za upande wa pili?

Fundi_Waya
Hilo lijibiwe kabla ya nusu ya pili ya pesa. Toa valvu zote, andika kila moja ilikuwa tundu gani. Waya wa moto upitishe kwenye balbu ya filamenti ya wati 60, si ya LED. Iwake kidogo kisha ififie. Ikibaki inang'aa, kuna shoti.
Ikififia, pima volti za AC (umeme geugeu) zinazotoka kwenye transfoma. Nyuzi za joto: 6.3, na bila mzigo zinaweza kukaribia 7. Waya wa volti kubwa: pande mbili zilingane, kisha zidisha upande mmoja kwa 1.4. Ukipata 300 kila upande, DC itafika kama 420, kapasita za volti 450 zinavumilia. Ukipata 350, ni 490, zitapasuka.
Kapasita mpya zikishakaa, rudisha valvu zote isipokuwa za kutoa sauti, pima DC kwenye gridi (pini inayoingizia valvu sauti) ya matundu yake: pini ya 5 kwa valvu aina ya 6V6, pini ya 2 kwa EL84. Ikisoma volti za chanya, kapasita ya kupitisha sauti inavuja, na valvu itawiva nyekundu.
Waya wa umeme uwe wa nyuzi tatu, ethi ifungwe kwenye chesisi kwa boliti yake peke yake. Kapasita inayotoka kwenye umeme kwenda chesisi itolewe.

Kidole_Sita
Nikichomoa plagi si tayari salama kufungua?

Fundi_Waya
Hapana. Chukua resista ya kiloohmu 10, wati 5, waya zake ziwe na vibanio. Bana upande mmoja kwenye chesisi, mwingine kwenye chanya ya kila kapasita kubwa, sekunde kumi. Kisha pima. Mpaka mita isome chini ya volti 10, usiguse.